Katapila lilikuja mwisho

Mtu yeyote aliyesoma Moscow pale chuo cha Patrice Lumumba anaijua Belyayevo, manake ndo stesheni ya metro tunayoshukia, ukitoka unapanda basi mpaka hosteli mtaa wa Miklukho-Maklaya, au kama hela imekata unapiga mguu tu na baridi lako. Maghorofa yanayofanana, supamaketi, miti mingi, bibi na mbwa wake. Nimepita pale miaka yote ya chuo na hakuna hata mmoja, mwalimu wala mwenyeji, aliyewahi kuniambia kwamba hapo jirani, kwenye kona ya mitaa ya Profsoyuznaya na Ostrovityanova, Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1974, serikali ilileta makatapila kuja kuponda picha za kuchora. Picha. Turubai, fremu na rangi.

Nilikuja kuijua habari hii nimeshamaliza chuo na toka hapo haijaniacha. Mimi ni mtu wa uhandisi, sijawahi kushika brashi, lakini nimesoma nilichoweza kwa Kirusi changu, nimerudi kuziangalia picha zenyewe pale jumba la makumbusho la Tretyakov mpya, Krymsky Val, na kadiri ninavyozidi kusoma ndo ninavyoona kwamba hii habari inasimuliwa kuanzia mwisho wake. Katapila linapendeza kusimuliwa, lina kelele, lina picha za waandishi wa nje. Ila katapila lilikuja mwisho. Kilichowamaliza wachoraji wa nchi ile kwa miaka arobaini kabla ya hapo kilikuwa karatasi na stoo ya rangi.

Lakini ngoja kwanza niseme kilichotokea siku ile, manake sio wote mnaijua.

Kulikuwa na kundi la wachoraji Moscow na Leningrad ambao hawakuwa na pa kuonyesha kazi zao. Kila ukumbi ni wa serikali, na serikali haiwatambui. Januari 1967 walijaribu kwenye klabu moja ya wafanyakazi inaitwa Druzhba, maonyesho yakafungwa baada ya masaa mawili. Wakabaki kuonyeshana majumbani, watu wanaingia sebuleni kwa zamu. Sasa 1974 Oskar Rabin na wenzake wakapata wazo, kwamba hakuna sheria inayomkataza mtu kusimama nje kwenye kiwanja kitupu akiwa ameshika picha yake. Wakaiandikia barua halmashauri ya jiji, wakaitwa, wakatishwatishwa kidogo, lakini hakuna aliyewapa katazo la maandishi. Basi wakaenda.

Walipofika wakakuta kiwanja kina watu tayari. Wanaume wa kiraia wenye makoleo na miche ya miti, eti ni wafanyakazi wa kujitolea wamekuja kutengeneza bustani siku ya mapumziko. Bustani gani ya kulimwa na makatapila na malori ya kubebea mchanga? Wachoraji walipofungua tu picha zao wale watu wakawarukia, wakazinyang'anya, wakazikanyaga kwenye tope, nyingine wakazitupa kwenye malori, nyingine zikachomwa moto, yale magari ya kumwagilia barabara yakageuzwa kuwamwagia watu maji. Mwandishi wa gazeti la New York Times alipigwa na kamera yake mwenyewe usoni mpaka jino likavunjika. Rabin alining'inia kwenye lile beleshi la mbele la katapila huku linatembea, mtu mzima wa miaka 46 amekunja miguu isisagwe, na mwanae yupo hapohapo anaona, wakakamatwa wote wawili. Komar na Melamid, wale vijana wawili waliokuwa wanachora kwa pamoja, walikuja na picha waliyojichora wenyewe kwa mtindo wa zile picha za Lenin na Stalin, ikaharibiwa pale pale.

Hiyo ndo inayoitwa maonyesho ya mabuldoza. Sasa turudi nyuma.

Tarehe 23 Aprili 1932 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilitoa azimio la kuvunja vikundi vyote vya wasanii. Kabla ya hapo Urusi ilikuwa na vikundi lukuki, wengine wanataka maumbo matupu bila sura ya kitu, wengine wanataka wakulima na wanajeshi, wanagombana usiku kucha, wanatukanana magazetini, na katika ugomvi huo ndo kilitoka kipindi ambacho hadi leo dunia nzima inakuja kujifunzia. Azimio likasema basi, kuanzia sasa kutakuwa na umoja mmoja tu. Miaka miwili baadaye, 1934, ukatangazwa ule mtindo mmoja unaokubalika, uhalisia wa kijamaa, yaani mchoraji aonyeshe maisha yalivyo ila katika kuelekea vile yatakavyokuwa. Ukiisoma haraka unaona haina shida. Shida ni nani anaamua yatakuwaje.

Kazimir Malevich, aliyechora ule Mraba Mweusi mwaka 1915, alikamatwa 1930 akahojiwa, akaachiwa, akarudi kuchora watu wenye sura kama walivyotaka. Lakini ile picha aliyojichora mwenyewe 1933, amevaa kama bwana mkubwa wa Italia ya kale, kofia na joho, mkono umenyooshwa pembeni, ukishuka macho mpaka kona ya chini kulia utaona pale pa kuweka saini ameweka kimraba kidogo cheusi. Hakuandika jina. Mimi hii inaniuma kuliko makelele yote, mtu amebanwa mpaka kona ya turubai na bado pale kwenye ile kona amesema mimi ni nani. Alifariki 1935 na kazi zake zikafungiwa stoo kwa miongo.

Na usidhani walioumia ni wapinzani tu. Gustav Klutsis alikuwa mkomunisti wa damu, Mlatvia, aliyalinda mapinduzi na bunduki mkononi, na yale mabango makubwa ya mpango wa miaka mitano yenye picha zilizokatwa na kuunganishwa, mikono imenyooshwa juu, Stalin anatembea na wachimba makaa, mengi ni kazi yake. Januari 1938 wakamchukua. Tarehe 26 Februari mwaka huohuo wakampiga risasi. Mkewe Valentina Kulagina, naye mchoraji wa mabango, aliambiwa mumewe amekufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1944, na ukweli ulitoka mwisho wa miaka ya themanini, mama wa watu ameshatangulia mbele ya haki.

Alafu kuna Alexander Rodchenko, msanii na mpiga picha. Huyu alitengeneza kitabu kikubwa cha picha cha kusherehekea miaka kumi ya Uzbekistan, 1934, kitabu cha kifahari kweli, kina picha za viongozi wote wa jamhuri ile. Ikaja 1937 na 1938, wale viongozi wakawa maadui wa umma, wakauawa, na kukutwa na picha zao nyumbani ilikuwa kesi ya kukupoteza. Rodchenko akachukua wino mweusi akazifuta nyuso kwenye nakala yake mwenyewe. Kurasa zile zipo, zimechapishwa, ziangalie. Kola ya shati ipo, mabega yapo, jina chini lipo, halafu juu ya shingo kuna doa zito la wino. Hakuna afisa aliyesimama nyuma yake. Alikuwa nyumbani kwake, na kitabu alichokipanga kwa mikono yake, anakiharibu ukurasa baada ya ukurasa. Hapo sasa serikali haina haja ya mkaguzi, mkaguzi ameshahamia kichwani kwa mtu.

1948 wakafunga kabisa jumba la makumbusho la sanaa mpya ya Magharibi pale Moscow, lile lililokuwa na picha za wachoraji kina Matisse, Picasso na Cézanne, zilizokusanywa na wafanyabiashara Shchukin na Morozov kabla ya mapinduzi. Picha zikagawanywa kati ya makumbusho ya Pushkin, Moscow, na Hermitage, Leningrad, na nyingi zikalala gizani mpaka Stalin alipokufa. Kizazi kizima cha wanafunzi wa uchoraji kikamaliza masomo ndani ya jiji lenye Matisse bila kumuona Matisse.

Sasa nije kwenye stoo, manake hapa ndo penyewe na hapa ndo watu wanaruka.

Umoja wa Wasanii ulikuwa ndo mlango. Ukiwa na kadi unapata studio, unapata oda za serikali, sanamu ya Lenin kwa ajili ya wilaya, picha ya ukutani kwa ajili ya kiwanda, unapata rangi nzuri na turubai kwenye maduka ya mfuko wa wasanii, unapelekwa nyumba za mapumziko kuchora kando ya bahari. Ukiwa huna kadi huna hivyo vyote. Na ili picha yako iingie kwenye maonyesho inapita kwenye kamati, wajumbe wanakaa, wanaangalia, wanasema huyu mkulima mbona amenuna, hii anga mbona nzito, rekebisha ulete tena. Hakuna aliyekupiga. Hakuna aliyekukataza kuchora. Umerekebisha mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu huleti tena kile unachojua kitarudishwa.

Na usiseme basi mimi nitakaa nje ya umoja nichore ninavyotaka, kwa sababu Mei 1961 ilipitishwa sheria dhidi ya watu wasio na kazi, ile ya kuwashughulikia kupe, na mchoraji asiye na kadi kwa macho ya sheria hana kazi, hata kama anachora kuanzia alfajiri mpaka usiku. Mshairi Joseph Brodsky ndo alihukumiwa kwa sheria hiyo 1964, miaka mitano ya kazi ngumu kaskazini, kosa lake ni kukaa nyumbani akiandika mashairi. Kwa hiyo wachoraji wakatafuta pa kujificha. Rabin alifanya kazi reli, anasimamia upakuaji wa mabehewa, anaishi kwenye kibanda cha mbao Lianozovo na Jumapili anafungua mlango watu waje kuona picha. Ilya Kabakov yeye alichora vitabu vya watoto, vingi sana, na huko ndo alikuwa na kadi yake halali, halafu jioni anapanda darini kwenye jengo moja la Sretensky anachora vitu vyake ambavyo marafiki tu ndo wanaviona, anawafunulia karatasi mojamoja.

Sisi tuliokulia Tanzania tunavikumbuka vile vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow, karatasi nzuri, rangi zinawaka, dubu na mbweha na theluji ambayo hatujawahi kuiona. Nilivipenda hadi leo. Siwezi kusema nani hasa alichora vile vyetu, ila sasa hivi nikivishika naelewa kwa nini michoro ya vitabu vya watoto kule ilikuwa ya kiwango kile. Watu hodari walikimbilia huko. Ukimchorea mtoto jua la kijani kamati inaona ni hadithi.

Kulikuwa na kipindi watu walidhani mambo yamelegea. Stalin kafa, Khrushchev aliyeshika nchi baada yake kashayasema maovu ya Stalin, 1956 Picasso akaonyeshwa Pushkin. Halafu tarehe 1 Desemba 1962 Khrushchev akaenda kwenye maonyesho ya miaka 30 ya umoja wa wasanii wa Moscow pale ukumbi wa Manege, karibu na Kremlin, wakampandisha ghorofani walikowekwa vijana wa mwalimu Eliy Belyutin na mchongaji Ernst Neizvestny, na mzee akalipuka. Alitukana matusi ya nguoni, akasema zimechorwa na mkia wa punda, akauliza hela za wananchi zinachezewaje hivi. Neizvestny akamjibu. Huyu jamaa alikuwa askari wa vita kuu, alijeruhiwa vibaya 1945 mpaka ikaandikwa amekufa na nishani ikatolewa kama ya marehemu, sasa mtu kama huyo unamtishia na nini? Walibishana ana kwa ana, mtawala wa nusu ya dunia na mchongaji. Baada ya pale magazeti yakaanza, wachoraji kadhaa wakakosa kazi, Belyutin akarudi nyumbani kwake Abramtsevo akaendelea kufundisha huko kimyakimya kwa miaka.

Khrushchev aliondolewa madarakani 1964 na akafariki 1971, na familia yake ikaenda kumuomba nani achonge kaburi? Neizvestny. Nimelisimamia lile kaburi makaburini Novodevichy. Ni mawe meupe na meusi yamepandana kama yanasukumana, hakuna upande uliomshinda mwenzie, na katikati kuna kichwa cha shaba cha yule mzee, kipara, anaangalia mbele. Nilikaa pale muda mrefu. Neizvestny angeweza kumkomoa, angeweza pia kukataa, yeye akampa haki yake yote, weupe na weusi. Mwaka 1976 akaondoka nchini.

Turudi kwa Rabin. Kuna picha yake ya 1972 inaitwa Pasipoti. Amechora pasipoti ya Kisovieti kubwa, ya kwake mwenyewe, imechakaa, jina, sura, na pale pa utaifa ameandika Mlatvia na kwenye mabano Myahudi, kwa sababu mama huko baba huku, halafu akaongeza kipengele ambacho pasipoti haina, mahali pa kufia, chini ya uzio, au Israeli, na alama za kuuliza. Ukiiangalia unaelewa kwamba alijua kabisa anapigana na nini. Hakuchora polisi. Amechora karatasi.

Na tuseme ukweli, makatapila yaliiponza serikali yenyewe. Dunia ilipiga kelele, ni kipindi ambacho Moscow inataka mahusiano mazuri na Marekani, na tarehe 29 Septemba, wiki mbili tu baadaye, wakaruhusiwa kuonyesha kwenye bustani ya Izmailovo, masaa manne, wakaja watu kwa maelfu. Februari 1975 wakapewa banda la ufugaji nyuki kwenye viwanja vya maonyesho vya VDNKh, ndio, la nyuki, na watu wakapanga foleni kwenye baridi lile ambalo walioishi Moscow wanalijua. Watu walikuwa na njaa ya kuona. Hiyo ndo sehemu inayonitia moyo kuliko zote, sio ushujaa wa wachoraji peke yao, ni wale mafundi, manesi na wanafunzi waliosimama masaa mengi kuingia kwenye banda la nyuki.

Kuna rafiki yangu tuliosoma naye, huwa tunabishana sana juu ya haya. Anasema wewe unawaonea, ile serikali iliwalipa wasanii, iliwapa studio, metro ya Moscow imepambwa kuliko ikulu za watu, kwetu mchoraji anakufa na deni la kodi ya chumba. Na ana hoja, siwezi kumkatalia. Shuka stesheni ya Mayakovskaya uinue kichwa, zile mosaiki za Alexander Deineka za 1938 zimeingizwa kwenye dari, anga la nchi kuanzia asubuhi mpaka usiku, marubani, ndege, watu wa miamvuli, kitu kizuri kabisa na kililipiwa na serikali ileile, na mlaji ni abiria wa kawaida anayewahi kazini. Nikimwambia hivyo anafurahi. Ila na mimi nina la kwangu. Mwaka 1948 Deineka huyohuyo aliondolewa kwenye ukurugenzi wa chuo cha sanaa alichokuwa anakiongoza, ule msako wa wanaoitwa wapenda maumbo ulimpitia naye. Kama mtu aliyewapambia metro hakuwa salama, basi ile haikuwa hela ya kumlea msanii, ilikuwa kamba, na aliyeishika anaivuta siku anayotaka.

Zilizopona, nyingi zilipona kwa sababu ya watu wabishi waliokuwa mbali na macho. Igor Savitsky alienda Karakalpakstan kule Uzbekistan 1950 na wanaakiolojia, akapapenda, akahamia, na 1966 akafungua jumba la makumbusho Nukus, jangwani, mji ambao afisa wa Moscow hana hamu ya kuufikia. Akawa anasafiri kuwatafuta wajane na watoto wa wachoraji waliosahaulika, anatoa turubai chini ya vitanda na kwenye dari zinazovuja, ananunua kwa hela ya serikali na ikiisha anakopa kwa ahadi. Inasimuliwa kwamba alinunua michoro ya Nadezhda Borovaya, mama aliyefungwa kwenye kambi za Stalin akachora wafungwa wenzake, kwa kuwaambia wakubwa kuwa ni kambi za Wanazi. Wakasaini. Alifariki 1984, kaacha madeni, na maelfu ya kazi ambazo bila yeye zingekuwa kuni.

Julai 1988 kampuni ya mnada ya Sotheby's ilikuja Moscow kwa ruhusa ya serikali. Serikali ileile. Picha ya Grisha Bruskin ikauzwa kwa zaidi ya dola 400,000, ukumbi ukashangaa, na kuanzia hapo kila mtu akawa mpenzi wa sanaa iliyokatazwa. Evgeny Rukhin, aliyekamatwa siku ya makatapila, hakuyaona hayo, alikufa Mei 1976 studio yake Leningrad iliposhika moto naye akiwa ndani. Rabin alikuwa Paris. Walimruhusu kusafiri, halafu 1978 akiwa hukohuko wakatoa amri ya kumvua uraia, kwa hiyo siku ya mnada yeye hakuwa raia wa nchi ile aliyoichora maisha yake yote. Amri ya kumrudishia ilisainiwa 1990, na ilikuwa karatasi vilevile.